Hita Iliyopigwa Dairekti

Mwezi uliopita nilikwenda Majengo, kule Mpanda, rafiki yangu, na kabla sijamaliza hata kusalimia nikafanya utovu wa adabu kwenye nyumba ya watu. Nilipita kwa jirani yetu wa zamani, yule mama aliyekuwa akiuza barafu kwa watoto wa mtaa mzima, nikamkuta uani anapepeta mchele. Akaniambia niingie ndani nikaone jinsi alivyogeuka mfugaji uzeeni. Nikaingia. Kwenye kona ya sebule, juu ya stuli mbili, lilikaa tangi la kioo lenye ufa mdogo pembeni uliozibwa kwa gundi nyeusi. Ndani yake kulikuwa na maranda ya mbao, vifaranga kama ishirini hivi, na balbu kubwa ikining'inia katikati. Vifaranga walikuwa wamejibana kona ya mbali na balbu, midomo wazi, vibawa wameviachanisha na miili. Sikuuliza mtu. Niliweka kiganja kwenye kioo, nikasema "moto", nikachomoa waya ukutani.

Mama wa barafu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake mkononi. "We mtoto, hujakaa hata chini umeshanizimia umeme?" Akacheka, maana yeye ni mtu wa kucheka. Mimi sikuweza. Lile tangi nilikuwa nalijua vizuri kuliko nilivyolijua daftari langu la darasa la tano, kwa sababu lilikuwa la kwetu.

Ngoja nikueleze lilivyofika mjini, na lilivyotuacha.

Nililelewa Majengo na babu na bibi, kwa vile mama alikuwa akifundisha mbali na likizo zake zilikuwa fupi. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, yenye ua wa mabua na choo cha nje. Asubuhi uliamshwa na mashine ya kukoboa mpunga ya mtaa wa pili, ikifuatiwa na harufu ya mkaa na uji wa mahindi. Kazi zangu zilijulikana: kuteka maji ndoo nne kabla ya shule, kusugua masufuria kwa majivu, na kumkandia bibi unga wa maandazi siku za Jumapili tukitoka kanisani. Nilikuwa mtoto wa kutumwa na sikuona shida. Aliyekuwa akinituma zaidi ni babu, na nilikuwa nakwenda mbio kwa sababu kila niliporudi alinishika kichwa kwa kiganja chake kikubwa, akasema, "Huyu anasikia."

Babu alikuwa mkaushaji wa tumbaku. Kama hujawahi kuona bani, ni kijumba kirefu kisicho na dirisha, majani ya tumbaku yananing'inizwa ndani juu ya fito, na chini unapita moto ndani ya mabomba siku nyingi mfululizo. Moto ukipungua majani yanaoza. Ukizidi yanaungua, na msimu mzima wa mtu unakuwa majivu. Babu alizunguka mabani ya watu huko Katumba na kwingineko akilinda moto, na kipimo chake kilikuwa kiganja. Alikiweka ukutani, akafumba macho kidogo, akajua. Watu walimfuata kwa ajili ya kile kiganja.

Halafu siku moja alianguka uani akiwa anafunga kamba ya kuanikia nguo. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakamwisha. Alirudi kutoka hospitali akiwa amebebwa, akawekwa kwenye kiti cha mbao chenye mito, na majirani waliokuja kutupa pole wakawa wanaambiana kwa sauti ya chini, "Mzee amepooza."

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo akili yangu ya utoto ilipopotea njia. Kwetu bibi alipokuwa akinimiminia chai ya moto alikuwa akiniambia, "Ipooze kwanza." Nikaimimina kwenye sahani, nikaipuliza, ikapoa. Kwa hiyo niliposikia babu amepooza nilielewa kabisa, wala sikuhitaji kuuliza: babu amepoa. Amekaa na moto wa watu miaka yote, sasa moto wake mwenyewe umepungua, upande mmoja ukapoa. Nilipomgusa mkono wa kulia ulikuwa wa baridi kweli. Tangu siku hiyo nikawa adui wa baridi. Nilimfunika babu blanketi mchana kweupe, bibi akawa analitoa na kuniuliza kama nataka kumchemsha mume wake.

Pale hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole, aliyekuja nyumbani mara mbili kumnyoosha babu viungo. Alimwambia bibi neno ambalo lilikaa kwetu kama mgeni asiyeondoka. "Mzungumzisheni. Mpeni kitu cha kutazama, kitu ambacho atataka kukitaja. Maneno yakirudi, yatarudi miezi hii. Mkimwacha akae kimya hadi mwaka uishe, sidhani kama atasema tena." Bibi aliitikia, "Tumesikia." Yule kijana alipoondoka bibi alikaa kwenye kigoda cha jikoni muda mrefu, mikono mapajani, bila kufanya kitu. Sikuwahi kumwona hivyo.

Aliyeleta kitu cha kutazama ni baba mdogo, kitinda mimba wao. Yeye alikuwa akifanya kazi Karema, ziwani, kwa tajiri mmoja aliyekusanya samaki wadogo wa mapambo wa kusafirishwa nje. Baba mdogo alizamia kwenye mawe, akawakamata kwa wavu mdogo, wakafungwa kwenye mifuko ya maji. Alikuwa na maneno ya mjini yaliyomjia kwa redio, kila kitu kwake kilikuwa "poa" na "fresh", na bibi alikuwa akimwambia aongee kama binadamu. Akaja na pikapu la kukodi siku ya kipupwe, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia tangi la kioo lililozungushiwa godoro. Kipimajoto chake kilivunjika njiani, na tangi lenyewe likapata ule ufa. Samaki walikuwa saba. Walikuwa wafupi, weusi wenye mikanda ya njano, na kila mmoja na hasira zake.

Mtaa mzima ulikuja kuona. Mama wa barafu aliuliza wakikua watakaangwa na nini. Bibi akasema hao ni samaki wa kutazama, na watu wakacheka sana, maana Mpanda samaki tulikuwa tukimjua kwenye sufuria. Lakini babu aliyekuwa ametazama ukuta kwa miezi alikuwa tayari amegeuza shingo.

Baba mdogo alitufundisha haraka haraka kwa sababu pikapu lilikuwa linamngoja. Hiki ni kipampu cha hewa, kinatoa mapovu. Hii ni hita, fimbo ya kioo yenye kitaa chekundu, inakaa majini na kuyatia joto. Chakula ni dagaa waliotwangwa, kidogo sana. Mikono isiingie majini, ina sabuni. Halafu akachuchumaa akanishika mabega, akaniambia kama anayemwambia mtu mzima: "Wewe ndiye nahodha. Maji yasipoe. Ziwa letu halipoi, kwa hiyo hawa hawajui baridi. Yakipoa wamekwisha." Nikamwitikia. Nani wa kunifundisha mimi ubaya wa kupoa? Nilikuwa na ushahidi umekaa kwenye kiti.

Kazi ikaanza. Kila nikitoka shule nilivua viatu, nikaketi sakafuni kando ya kiti cha babu, nikawahesabu samaki kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nilimshika babu kidole cha mkono wa kushoto, mkono mzima, nikakielekeza kwa kila samaki. Wiki mbili hakutoa kitu zaidi ya pumzi. Halafu jioni moja, bibi akiwa anasonga ugali, babu akasema, "Mo. Ja." Nilidhani nimesikia vibaya. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Babu akasema tena, akimwelekea yule samaki mkubwa kuliko wote, "Moja." Ugali wa siku hiyo uliungua, na tukaula hivyo hivyo.

Kuanzia hapo yule mkubwa jina lake likawa Moja. Mwezi uliofuata akaja Mbili, kisha Tatu aliyekuwa na mkia uliotafunwa. Yule mtaalamu wa mazoezi alipokuja akamsikia babu akifika hadi nne, alitoka nje akampigia simu mwenzake kumweleza. Bibi akatangaza kwamba siku babu atakapofika saba tutachinja jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mkorofi, kila mtu alikuwa akiisubiri saba kwa sababu zake.

Sasa kuhusu ile hita. Kipupwe chote kitaa chake kiliwaka vizuri, na mimi nilikuwa nikikiangalia kama mtu anavyoangalia mgonjwa. Nikiamka, kitaa. Nikirudi shule, kitaa. Umeme wetu siku zile ulikuwa wa majenereta na ulikuwa wa kukatika, unakuja saa tatu unaondoka saa sita, na kila ulipoondoka nililizungushia tangi blanketi la babu. Halafu joto likaanza kurudi, mwishoni mwa Agosti, na siku moja nikatoka shule nikakuta umeme upo, pampu inatoa mapovu, redio inaongea, lakini kitaa cha hita kimezima.

Nilipiga kelele mpaka bibi akaja. Tukaichomoa, tukaichomeka. Kimya. Kabla ya magharibi kikawaka chenyewe. Kesho yake mchana kikazima tena. Ikawa hivyo wiki nzima, kinawaka, kinazima, kinawaka. Bibi akasema, "Hii hita inazimazima, imeanza kufa." Na kwa nini tusiseme hivyo? Katika mji wetu kitu kikizima chenyewe ni kibovu. Umeme ukizima ni ubovu, jenereta ikizima ni ubovu, gari likizima barabara ya Kakese mnashuka mnasukuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumiliki kitu kinachozima kwa sababu kazi yake imetosha. Baba mdogo tulimtafuta kwenye simu ya bibi, tukaambiwa na ile sauti ya kike kwamba hapatikani. Huko ziwani mtandao ulikuwa wa kupanda mlima kuufuata.

Basi nikaibeba mimi. Niliifunga kwenye kanga ya bibi nikaipeleka kwa fundi redio wa sokoni, mzee mwenye miwani iliyofungwa na waya, fundi wa kila kitu kuanzia pasi hadi spika za kanisa. Alikuwa hajawahi kuona hita ya samaki na hakutaka nijue. Akaifungua kofia yake ya juu, akaitazama kwenye mwanga, akakuta ndani kuna kipande kidogo kinachokata umeme. "Mchawi wenu huyu hapa," akaniambia. "Anakata umeme anavyotaka." Akamtoa, akaunganisha waya kwa waya, akaziba kwa gundi nyeusi. Gundi iliyobaki akanipa nikazibe na ule ufa wa tangi. "Nimeipiga dairekti. Mwambie bibi yako haizimi tena."

Haizimi tena. Nilirudi nyumbani nikiimba maneno hayo. Bibi alimwombea fundi baraka. Tuliichomeka, kitaa kikawaka chekundu kizuri, kikabaki kimewaka, nami nikamwambia babu, "Umeona? Haizimi tena." Babu alikitazama kile kitaa muda mrefu. Nilifikiri anafurahi na mimi.

Na haikuua mtu, rafiki yangu, si siku hiyo wala wiki hiyo. Ilikaa Septemba nzima bila madhara, na nimekuja kuelewa ukubwani ni kwa nini: umeme ulikuwa unakatika. Kila maji yalipoanza kupanda joto, mji ulizimika, tangi likapumua. Ule umeme tuliokuwa tukiulaani kila siku ndio ulikuwa ukiwalinda samaki wa babu dhidi yetu. Babu mwenyewe alikuwa amefika tano. Mara moja, asubuhi moja tu, alisema "sita" akiwa hana hakika, akatutazama kama mtoto anayengoja kusahihishwa.

Ikafika Oktoba. Unaijua Oktoba ya kwetu: mbingu nyeupe, majivu ya nyasi yanatembea na upepo, bati linalia tak tak saa nne asubuhi, mbwa wanahamia chini ya mitungi. Jumamosi moja mkoa ulikuwa na ugeni mkubwa, na kwa heshima ya ugeni huo umeme haukukatika. Ulikuwepo tangu jana yake, watu wakalala nao, wakaamka nao. Mtaa ulikuwa na sherehe ya peke yake. Redio zote zilikuwa zinaongea, vinyozi walifungua mapema, mama wa barafu alijaza friza mpaka kifuniko kikagoma. Bibi alikuwa amekwenda shambani Kakese alfajiri kusafisha majaruba ya mpunga kabla ya mvua. Akaniachia babu, uji kwenye chupa, na maagizo ya kawaida.

Nilikuwa uani nasugua sufuria niliposikia sauti ndani. Nikaingia mbio. Babu alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mkono wake wa kushoto umekwenda mpaka kwenye kioo cha tangi, kiganja kimelala bapa. Akanigeukia. Midomo ilikuwa inatetemeka upande mmoja.

"Moto," akasema.

Elewa kwamba babu hakuwa amesema neno lolote tangu aanguke zaidi ya namba nilizomfundisha mimi. Hili sikumfundisha. Hili lilikuwa lake. Nilisimama pale na mikono yangu ya majivu, furaha ikanipanda mpaka machozi. "Babu, sema tena."

"Moto."

Nikapiga makofi. Nikaruka hadi dirishani nikamwita mama wa barafu, akaja na watu wake wawili, nikamwomba babu alirudie wasikie. Akasema. Nao wakapiga makofi. Mama wa barafu akasema mzee anapona, Mungu mkubwa, akarudi kwenye friza yake. Babu akasema tena, safari hii kwa nguvu, akikigonga kioo kwa kiganja. Nami, nahodha, mtoto anayesikia, nikapata akili ya ghafla kwamba babu anataka moto. Babu anahisi baridi. Amepooza, lazima anahisi baridi.

Nikamletea jiko la mkaa.

Naliandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuliandika. Nilikwenda jikoni, nikapuliza mkaa, nikaleta jiko linawaka nikaliweka miguuni mwake, hatua moja kutoka kwenye tangi, mchana wa Oktoba chini ya bati. Nikamfunika blanketi. Alilitupa. Nikamfunika tena. Nikamletea uji wa moto, akausukuma ukamwagika. "Moto, moto," akawa anasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho moja tu, lile la upande mzima. Mimi nikawa nambembeleza, "Ndiyo babu, moto huu hapa, nimeshauleta."

Ndipo nikawaona samaki. Wote saba walikuwa juu, wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanafungua na kufunga. Nikadhani wana njaa. Nikawanyunyizia dagaa. Hawakula. Tatu, yule wa mkia uliotafunwa, akageuka ubavu, akazama taratibu kama jani. Niliweka mkono kwenye kioo mahali pale pale palipokuwa na kiganja cha babu, na kioo kilikuwa kama kikombe cha chai.

Niliichomoa hita ndiyo, niliichomoa kwa kuvuta waya. Lakini baada ya hapo sikujua kitu, na hakukuwa na mtu wa kujua. Nilipiga simu ya baba mdogo kwa simu ya mama wa barafu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikamwaga ndani maji ya mtungi, kata tatu, nne, yale maji ya baridi kabisa ya mtungi, na samaki wawili wakaruka mara moja wakafa palepale. Nikaacha. Mama wa barafu akaja na vifuko vyake vya barafu, akataka kuvitumbukiza, nikamshika mkono nikimlilia asitumbukize, halafu nikamlilia atumbukize. Akavitumbukiza viwili vikiwa vimefungwa. Tukakaa chini tukatazama. Nilijaribu kukigeuza kiti cha babu asione, lakini nilikuwa mtoto na kiti kilikuwa cha mninga, na babu alikuwa amekamata mguu wa meza ya tangi kwa ule mkono wake mmoja.

Aliona wote. Moja alikuwa wa mwisho. Alizunguka kona yake mara chache kama anayetafuta mlango.

Bibi alirudi jioni na jembe begani na mboga kwenye kanga. Alikuta jiko sebuleni, akaniuliza jiko linafanya nini hapo. Nilimweleza kwa kwikwi, nikianzia kwenye habari njema, kwa sababu bado nilidhani ilikuwepo habari njema. "Bibi, babu amesema neno. Amesema moto."

Bibi alishusha jembe. Alimtazama babu, akalitazama tangi, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukavuta kuni?"

Sikuelewa. Akaketi chini na vumbi lake la Kakese, akaniambia. Babu akilinda bani hakuwa mtu wa maneno. Alikaa na kiganja ukutani, vijana wakikaa mlangoni mwa tanuri, na neno lake lilikuwa moja. Akisema moto, maana yake umezidi, vuta kuni. Hakulisema kwa maana nyingine miaka arobaini. Hata pale jikoni, bibi akisonga ugali, babu akisema moto bibi alikuwa anatoa kijinga kimoja cha moto kwenye mafiga bila hata kugeuka. "Angekuwa anataka kuota angesema baridi," bibi akasema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baba mdogo alipatikana siku ya tatu. Alisikiliza yote. Halafu akasema, bila poa wala fresh, "Ile hita huwa inajizima yenyewe. Ikizima ujue maji yametosha. Si niliwaambia?" Bibi akamjibu kwamba alituambia maji yasipoe, basi. Akasema, "Ah." Hakuleta samaki wengine. Sijui kama ni kwa sababu ya gharama ya pikapu au ni kwa sababu bibi hakuomba.

Nilimpelekea fundi redio ile hita nikiwa na hasira za kumpasua miwani. Nilipofika nikaificha nyuma ya mgongo. Alikuwa anashughulika na spika, akaniuliza kwa furaha kama bado inawaka. Nikamwambia inawaka.

Tulijaribu, rafiki yangu. Usidhani hatukujaribu. Bibi aliweka mawe saba ya mtoni ndani ya lile tangi kavu. Nilikaa sakafuni kila siku nikashika kidole cha babu, moja, mbili, na kidole kilikaa mkononi mwangu bila uzito. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akamsemesha, akaondoka bila kumtazama bibi usoni. Mwaka ukaisha kama alivyokuwa amesema utaisha. Babu aliishi mvua mbili zaidi, akila vizuri, akitazama uani, na hakusema tena neno lolote, wala moja. Jogoo alikufa kwa kideri.

Siku hizi umeme wa Mpanda umetulia, watoto wa Majengo hawajui kishindo cha jenereta wala ile kelele ya furaha mtaa mzima taa zikirudi. Fundi redio kibanda chake kinauza kava za simu. Mabani niliyopelekwa kuyaona nikiwa mdogo mengi yameanguka, zimebaki kuta nyeusi kwa ndani, na sijui kama yupo kijana anayeweza kuweka kiganja ukutani akajua. Nyumba yetu iliuzwa baada ya bibi kumfuata mumewe. Tangi alipewa mama wa barafu, kwa kuwa sisi hakuna aliyelitaka.

Basi siku hiyo ya mwezi uliopita nilikaa kwake mpaka vifaranga walipofunga midomo na kuanza kutawanyika kwenye maranda. Mmoja alikuja katikati akalala ubavu, mguu amenyoosha, nikashtuka, kumbe anaota zake. Tukaipandisha balbu juu kwa kamba, tukaichomeka, nikapima kwa kiganja, nikaipandisha tena. Mama wa barafu alinitazama muda wote huo. Yeye pia alikuwepo siku ile. Yeye pia alipiga makofi, lakini ni zamani na hakumbuki.

"Mimi nakaa nao humu kutwa nzima sijaona kitu," akasema. "We umeingia tu mlangoni, umejuaje?"

Nikamwambia babu aliniambia.